Mlima wa Wodi ya Mifupa

Kigari cha umeme kilizimika katikati ya mlima, saa tatu asubuhi, siku ya kliniki, lango kuu la hospitali likiwa limefurika watu. Ni kile kigari kidogo kisicho na milango, cha aina wanayopanda wachezaji wa gofu. Hapo hospitali kilibeba wagonjwa wasioweza kutembea, kuanzia langoni hadi wodi ya mifupa, juu kabisa. Dereva wake alikuwa dada mwembamba mwenye sare ya buluu iliyonyooka kwa pasi na kitambaa chekundu kichwani. Wagonjwa walimwita Rubani.

"Tena?" aliuliza bibi mwenye plasta mguuni, aliyekaa nyuma.

"Tena, bibi. Mara ya tatu wiki hii. Nimekichoka mpaka basi!"

Mwanamume mmoja aliyevaa ovaroli ya kijivu, ngazi begani, alikuwa akipita. Akaitua ngazi.

"Nisukume, au nikikemee?"

"Nimeshakikemea tangu jana. Sukuma."

Alisukuma mpaka juu, jasho likamlowanisha mgongo. Walipofika akajifuta uso kwa mkono na kutabasamu, mwanya ukaonekana. "Mimi ndiye fundi umeme mpya. Nimeletwa kwa ajili ya hiki."

"Basi umechelewa mwezi mzima," alijibu Rubani, akageuka upesi asionekane kuwa naye anatabasamu.

Tangu hapo, kila alasiri fundi alikuwa kwenye banda la kigari. Aliinua kiti, akasugua kutu ya kijani kwenye vichwa vya betri, akakaza nyaya, akaongeza maji ya betri, akabadilisha plagi ya chaja. Rubani alimshikia tochi. Jioni simu zikaanza.

"Umefika nyumbani, malkia?"

"Nimefika. Taa ya chaja niliiacha inawaka, lakini najua itazima tu."

"Nimekuuliza wewe, si chaja."

"Mimi sizimi ovyo."

Shangazi yake, aliyekaa naye, alisikiliza yote huku akichambua mboga. "Huyo fundi anakitengeneza kigari, au anakiharibu ili arudi?"

Rubani alicheka, lakini swali lilimkaa moyoni, kwa sababu kigari kiliendelea kuzimika.

"Betri zote sita nimezipima," fundi alisema siku moja. "Kila moja volti nane na kidogo. Nzima kabisa."

"Umezipima kigari kimesimama. Nakwambia, kikiwa kitupu kinapanda. Kikibeba watu watatu kinakata, palepale karibu na tangi la maji."

"Betri ni betri, mpenzi. Wewe shika usukani, umeme niachie mimi."

Neno hilo lilimchoma. Akalimeza.

Jumatatu msimamizi wa usafiri alimwita ofisini, akamsogezea karatasi. Iliandikwa: *Betri na chaja hazina kasoro. Inaelekea kigari hakichajiwi muda wa kutosha.* Chini ilikuwa sahihi ya fundi.

"Wiki ijayo utahamia chumba cha kufulia," alisema msimamizi. "Wagonjwa wanakwama njiani, siwezi kuendelea hivi."

Miaka minne Rubani alikuwa akijua nani asimamishwe mlango upi, nani anaumia matuta yakipitwa kwa kasi. Alitoka nje, akampigia fundi simu.

"Uliandika wewe?"

"Niliandika nilichopima. Jina lako sikulitaja."

"Kigari kina madereva wangapi?"

"Sikiliza, mpenzi..."

"Nauliza, wangapi?"

"Mmoja."

"Basi umenitaja." Akakata.

Fundi alipiga mara kumi na moja. Ya kumi na mbili akapokea shangazi. "Hayupo. Yuko hapa mezani, lakini hayupo."

Siku tatu fundi hakupata raha. Ya nne alikwenda bandani, macho mekundu, mita ya kupimia umeme mkononi. Rubani alikuwa akifuta viti kana kwamba anataka kuvichubua.

"Nina ombi moja," fundi alisema. "Endesha. Nitaunga mita kwenye betri moja, nikae pembeni yako, tupande mlima na mzigo. Halafu betri inayofuata."

"Safari sita?"

"Hata sitini."

Rubani alisonya kwa muda mrefu. Kisha akawaita walinzi wawili wanene, akawapakia nyuma. Safari ya kwanza kigari kilikata palepale, lakini mita haikutikisika. Ya pili vilevile. Ya tatu, walipokaribia tangi la maji, namba zikaporomoka: saba, tano, tatu. Kigari kikakata tena.

"Umeona?"

"Nimeona."

"Sema tena, walinzi wananipigia kelele."

"Nimeona! Ikipumzika inajionyesha nzima, ikipewa mzigo inaanguka na kuwavuta wenzake. Umeme ukishuka kupita kiasi, hata chaja haitaki kuanza. Uliniambia kweli tangu mwanzo, mimi nikajifanya najua."

Hakungoja. Alikwenda moja kwa moja kwa msimamizi, akaandika mbele yake: *Upimaji wangu ulikosewa. Dereva alieleza tatizo kwa usahihi. Sikumsikiliza.*

Msimamizi alivua miwani. "Unajishtaki mwenyewe?"

"Ndiyo, bosi."

Rubani akabaki na usukani wake, betri mpya ikafungwa. Lakini pale mlangoni mwa banda alimnyooshea fundi kidole. "Ya kazi nimekusamehe. Ya mapenzi bado nayafikiria."

Aliyafikiria siku tisa. Ya kumi, kigari kikiwa kimejaa na kinapanda bila kusuasua, fundi alidandia kiti cha mbele.

"Nataka kukuoa."

"Sasa hivi? Nina wagonjwa watatu!"

"Simu zangu hupokei."

"Mkubalie, mwanangu," alisema mzee mmoja mwenye kola shingoni. "Tusichelewe foleni."

"Msimharakishe," yule bibi wa plasta akadakia. "Wanaume hawa acha waive kidogo."

Rubani alifika juu, akawateremsha mmoja mmoja, akampa kila mtu mkongojo wake. Kisha akarudi, akaketi, akajifunga upya kitambaa chekundu.

"Nikiwa mkeo, nikikwambia jambo, utanisikia mara ya ngapi?"

"Ya kwanza."

"Mwongo."

Fundi akainamisha kichwa. "Ya pili."

Rubani alivuta pumzi ndefu, akampa mkono. "Haya. Ya pili nitaivumilia."