Kisanduku Kitupu Si Sifuri

Begi lilikuwa limeshaingia tumboni mwa basi, injini inanguruma, na kondakta anagonga bati kwa kiganja: "Tunaondoka! Wa kuaga aage, wa kulia alie!"

Kwenye kiti cha dirishani alikaa mtafiti wa maji, ambaye wenzake chuoni walimwita Mama Chujio. Gauni la zambarau limenyooka kwa pasi, kilemba cha rangi hiyo hiyo, wanja umekaa mahali pake. Ungedhani anakwenda harusini. Kumbe anakwenda jiji kubwa, kesho asubuhi asimame mbele ya wakubwa wa elimu awaonyeshe jinsi chujio lake la mchanga linavyosafisha maji ya visima. Wakiridhika, kila shule italipata, naye atapewa ofisi yenye jina lake mlangoni.

Simu ilikuwa sikioni, na dada yake mkubwa anamwaga sumu.

"Bado hapokei?"

"Siku ya pili hii, Dada."

"Mdogo wangu, mwanaume akikaa siku mbili hapokei simu, huyo keshajibu. Andika sifuri, endelea na safari."

Asiyepokea alikuwa mtakwimu wa chuo hicho hicho, mtu wa kuchezea hesabu kutwa nzima. Walikutana kwenye foleni ya kutoa fotokopi siku za usajili, wanafunzi wamejaa kama siafu. Mtakwimu alichungulia kompyuta yake bila haya, akasema, "Dada, jedwali zuri hivi unamfichia nani?"

"Na wewe kaka, macho mabaya hivyo mbona umeyaacha wazi?"

Foleni nzima ikaangua kicheko. Haukupita muda wakawa wanakula sahani moja, na Mama Chujio kaingia mzima mzima katika sayansi huria. Data zake zote aliziweka kwenye ukurasa wa wazi mtandaoni, mwenye macho asome, mwenye hoja akosoe. Hata kanuni aliiandika mwenyewe akaibandika ukutani maabara: Anayeona kosa aliandike ukurasani, liwe la nani liwalo.

Dada alipokata, simu ikatetema mkononi. Ukurasani kuna maoni mapya. "Matokeo haya hayasimami. Visanduku vitupu vya jedwali vimehesabiwa kuwa ni sifuri. Maji yasiyopimwa si maji safi." Chini yake, jina la Mtakwimu, kamili, mpaka la babu.

Akalisoma jina lile mara ya pili.

"Mpenzi! Shuka kidogo!"

Alikuwa yeye, anahema chini ya dirisha, shati kafunga vifungo upande, ndevu hazijaguswa, kamba ya kiatu inaburuta.

"Nishuke nimsalimie aliyenichinja?"

"Nisikilize, roho yangu."

"Roho yako umeianika jamvini! Kesho nasimama mbele za watu, leo unanivua nguo! Ungeniita chemba!"

"Kanuni yako haina chemba."

"Haikusema pia kwamba mpenzi wako ajue siku moja na walimwengu!"

Abiria wa kiti cha nyuma akaguna, "Hapo bibie ana hoja."

Mtakwimu akashika ukingo wa dirisha. "Siku mbili narudia hesabu, naomba kosa liwe langu. Ningepokea simu, sauti yako ingenifanya nikudanganye. Wakati wa yale mafuriko, vijana wako wa maabara hawakufika shule za bondeni kupima. Wakaacha visanduku vitupu, kompyuta ikasoma kwamba hamna uchafu. Fungua utazame, usiniamini mimi."

Basi likang'oka. Akakimbia nalo, mkono kwenye kioo, kisha akabaki na vumbi lake.

Mama Chujio aliikodolea simu macho. Ukurasa ni wake, na kufuta ni kwake. Waliosoma pengine hawazidi vidole vya mkono. Abonyeze mara moja, kesho apigiwe makofi. Kidole kikasimama juu ya neno "Futa".

Badala yake akafungua jedwali. Akateremka hadi wiki za mafuriko. Shule za bondeni: patupu, patupu, patupu. Akaziondoa, akarudia hesabu. Chujio lililokuwa malaika likawa chujio tu. Akawaona watoto wa bondeni wamepanga mstari na vikombe, wanakunywa kutoka kwenye kitu alichokisifia kwa siku ambazo hakuna aliyekipima.

Akaandika chini ya maoni yale: "Ni kweli. Kosa ni langu, si la vijana. Kesho nitasema hivi hivi." Akatuma kabla moyo haujabadilika. Halafu akapiga simu. Haikumaliza hata mlio wa kwanza.

"Leo umepokea."

"Leo sina cha kukuficha."

"Dada aliniambia kimya chako nikihesabu sifuri."

"Ukafanyaje?"

"Nikahesabu. Naona ndio ugonjwa wangu."

Akacheka, machozi yakaharibu wanja.

"Na mimi nimekosa," Mtakwimu akasema. "Ilikuwa lazima niandike. Lakini ningeanzia mlangoni kwako."

"Liongeze kwenye kanuni."

"Naliongeza. Mama Chujio, nikuoe?"

"Hilo sasa ndilo la chemba, baba. Basi zima limetega masikio."

"Mkubalie, tulale!" abiria wa nyuma akasema.

Kesho yake alisimama akasema kama alivyoandika, na wakubwa wa elimu hawakununua machujio. Ofisi yenye jina mlangoni alipewa mwingine. Mafuriko yaliyofuata vijana walikwenda bondeni kwa mtumbwi wakapima, na chujio likashindwa na tope. Mwalimu mmoja wa nchi ya mbali, aliyezisoma data zile za wazi, akashauri changarawe na kitambaa vitangulie mchanga. Shule za bondeni zinatumia la namna hiyo. Wawili wale walioana bila makuu. Dada alihudhuria, akakaa kiti cha mbele, na mpaka leo hamwamini shemeji yake. Maoni yale hayakufutwa. Yako palepale, na jibu lake chini.