Lango la Mji wa Rémy

Claudette alinisimulia habari hii mwezi wa sita, tulipokuwa tukitwanga sombe, majani ya muhogo, nyuma ya nyumba yangu kule Kalundu. Mambo yenyewe yalitokea miezi michache kabla, wakati vita vilipokuwa vikishuka bonde la Ruzizi na watu wa Uvira wakilala masikio wazi.

Shule zilikuwa zimefungwa. Kila asubuhi Claudette, aliyekuwa na miaka kumi na mitatu, alifagia kiwanja kisha akaenda kupanga bidoni za maji kwenye robine, bomba la mtaa. Mara nyingi robine ilikuwa kavu. Alipomaliza kazi za mama yake Célestine, alikimbilia kwenye ordinateri, kompyuta ya mjomba wake Rémy.

Rémy alikuwa mdogo wa mwisho wa Célestine, naye aliishi nao. Alikuwa amesomea informatiki, na tangu mwaka uliopita alikuwa akitengeneza mchezo wa kujenga mji wa Warumi wa kale. Mchezaji anaanza na uwanja mtupu kando ya mto. Anajenga nyumba, soko, bafu la watu wote, na mfereji mrefu wa mawe unaoleta maji kutoka mlimani. Mchezo ulikuwa haujakamilika. Kilichokuwepo ni kipande cha kwanza, kile Rémy alichokiita demo, cha kuwapa watu wajaribu na kusema walichoona.

Nyumba moja ya mafunzo huko Bujumbura ilikuwa imemwita apeleke demo hiyo siku ya Ijumaa. Wakiipenda, wangempa mahali pa kufanyia kazi. Wasipoipenda, basi, kwa sababu mpaka ungeweza kufungwa siku yoyote, na nafasi ya pili isingekuwepo.

Patient, mdogo wake Claudette, alipoona askari wa Kirumi kwenye kioo aliuliza, "Mjomba, hawa ndio wale wa Pilato?"

"Ndio wenyewe."

"Na Pilato iko wapi?"

"Alienda kunawa mikono," Rémy akajibu, na wote wakacheka. Kisha akawatazama. "Sikieni. Hapana kunisifu. Sifa nitazipata kwa dada yangu. Nyinyi muniambie mahali inauma. Mukinificha kitu, wale wa Bujumbura watakiona mbele yangu, na nitakuwa nimesimama pale kama kuku wa kuchinjwa."

Claudette aliitikia kwa kichwa, lakini hakuelewa. Nyumbani kwao chakula cha kupewa hakisemwi. Ukialikwa, hata mboga ikiwa imezidi chumvi, unakunywa maji na kusema asante. Hivyo ndivyo mama yake alivyomlea. Alidhani mchezo wa mjomba nao ni sahani ya kupewa.

Alicheza siku nyingi. Mji wake ulipendeza, ila kila mara ulifika mahali pamoja ukamshinda. Vita vilizuka milimani, kengele ikalia, na maandishi yakatokea kwenye kioo: *Wakimbizi wako mlangoni. Fungua au funga?* Alipofungua, watu waliingia wakaketi barabarani, kwa sababu kila nyumba iliruhusu jamaa moja tu. Walikaa kando ya mfereji, maji yakachafuka, ugonjwa ukaenea, na mji ukaanguka. Alijenga nyumba zaidi, lakini mawe yalikuwa hayatoshi.

Siku moja, kwa kuchoka, akabonyeza *funga*. Muziki ukapigwa. Mji wake ukavikwa taji la majani. Nje ya ukuta wale watu wadogo waliendelea kusimama, kisha wakapotea mmoja mmoja.

"Nimeshinda," akamwambia mjomba wake.

Rémy akaja mbio. "Kweli? Weye ni wa kwanza. Ulifanya je?"

"Nilijenga vizuri tu."

"Na pale mlangoni? Hapakukusumbua?"

Claudette alimwona jinsi alivyong'aa usoni. "Hapana, mjomba. Yote iko muzuri."

Rémy akamshika kichwa kwa furaha, akaenda kumweleza dada yake. Claudette alibaki amekaa, na taji lile kwenye kioo halikumpendeza tena.

Jumatano watu wa bondeni walianza kupita mtaani, wengi wakiwa na magodoro kichwani. Mizinga ilisikika mbali upande wa kaskazini, kama mtu anayeburuta meza nzito. Saa ya mchana, mwanamke mmoja alisimama kwenye mlango wa kiwanja akiwa na sufuria iliyojaa nguo. Mtoto wa kiume alikuwa ameshika kitenge chake.

"Tumetoka Kiringye," akasema. "Minye ni Concilie. Huyu ni Kwizera. Tunaomba kukaa kidogo hapa kwenye ukuta, mpaka asubuhi."

"Ukutani mutafanya nini?" Célestine akasema. "Ingieni."

"Mama, nyumba yenu imejaa. Naona."

"Imejaa kwa nani? Nafasi tutaifanya."

Célestine aliingia chumba cha kulala. Alifungua sanduku, akatoa kitenge chake cha Noeli, kile cha samaki wa bluu ambacho Claudette alikatazwa hata kukigusa. Akafunga kamba kutoka dirishani hadi kwenye msumari wa ukuta wa pili, akakitundika. Chumba kimoja kikawa viwili. Rémy na Patient wakahamishiwa salo, yaani sebuleni. Kisha Célestine akatenga bidoni moja ya maji ya kunywa, akatia dawa, akaweka nyingine na sabuni karibu na choo.

"Hapa kila mutu ananawa," akasema. "Tukiwa wengi, kolera inatutafuta. Tusiipe njia."

Concilie alikaa upande wake wa kitenge. Hakuvua viatu vyake vya plastiki. Patient alipomkaribisha kulala kwenye mkeka, alitikisa kichwa. Alisinzia ameketi, mgongo ukutani, na kila mlio wa mbali ulimfumbua macho.

Jioni Kwizera alimkuta Claudette kwenye ordinateri. Alichuchumaa nyuma yake akitazama. Kengele ya mchezo ikalia. Claudette, kwa mazoea, akabonyeza *funga*.

Kwizera akasogeza uso karibu na kioo. "Hawa wanangoja nini?"

"Hawangoji kitu. Ni mchezo."

"Wako na mutoto," Kwizera akasema, akionyesha kwa kidole. "Huyu hapa."

Claudette hakuwa amewahi kumwona yule mtoto. Patient, aliyekuwa akila muhogo pembeni, akamwonyesha dada yake kwa kidole akasema, "Tumempata Pilato. Ni yaya wangu."

Hakuna aliyecheka. Claudette alizima ordinateri akasema betri imekwisha, ingawa ilikuwa haijaisha. Huo ulikuwa uongo wa pili, na uliuma kuliko wa kwanza.

Alhamisi alfajiri milio ilisogea. Majirani walikuwa wakisema barabara ya Kavimvira, ya kwenda mpakani, bado inapitika, lakini haijulikani mpaka lini. Rémy aliamua asingoje Ijumaa. Alikuwa akifunga ordinateri kwenye taulo Claudette alipoingia.

"Mjomba, usiende."

"Unaogopa risasi?"

"Naogopa, ndiyo. Lakini si hiyo." Akashika ncha ya taulo. "Nilikudanganya. Mji wako nilishinda kwa kufunga lango. Ukifungua, haiwezekani kushinda. Nyumba hazikubali jamaa mbili mbili. Na ukifunga, mutu anasimama mlangoni mpaka anapotea."

Rémy akaacha taulo. "Ulijua tangu lini?"

"Tangu siku ile."

"Na ukaniambia yote iko muzuri."

"Ulikuwa na furaha. Sikutaka kuiharibu."

"Claudette, ningesimama mbele ya wale watu. Mmoja wao angebonyeza *fungua*, kama mtu yeyote mwenye roho, na mji ungemwangukia mikononi. Ungekuwa umeniletea furaha gani?"

Akatoka nje. Claudette alisikia hatua zake zikizunguka kiwanja. Alitaka mjomba amkaripie kwa sauti kubwa, maana kimya kile kilimtisha kuliko mizinga.

Rémy aliporudi, alisimama mbele ya chumba cha kulala akitazama kile kitenge cha samaki wa bluu. Upande mmoja Célestine alikuwa akikunja blanketi. Upande wa pili Concilie alikuwa akimsukia Kwizera kamba ya kufungia kaptula.

"Dada," Rémy akasema, "ulijuaje kwamba nyumba itatosha?"

"Sikujua. Nilitundika kitenge."

Rémy akafungua taulo, akakaa chini. "Nitaondoka kesho alfajiri. Mungu akiacha njia wazi. Patient, kimbia kwa jirani Kizito umuombe betri ya sola. Claudette, weye kaa hapa. Leo utanipa ukweli wote, hata kama nitakasirika."

Alifanya kazi asubuhi nzima. Mawingu yalifunika sola ya Kizito, na betri ilishuka huku milio ikipanda. Kila gari lilipopita kwa kasi, Concilie alisimama. Saa sita Rémy alimsogezea Claudette ordinateri. Sasa palikuwa na amri mpya: mchezaji angeweza kutundika pazia ndani ya nyumba, nyumba ikapokea jamaa ya pili.

Claudette akafungua lango. Watu wakaingia. Mapazia yakatokea madirishani, jamaa zikaingia nyumbani. Rémy alimtazama kwa macho mekundu ya uchovu. Alikuwa akitamani kusikia neno moja tu, na Claudette alilijua neno lenyewe. Lakini pembeni ya mfereji aliona alama ya ugonjwa.

"Bado," akasema polepole. "Wako ndani, lakini wote wanachota na kunawa mahali pamoja. Wataugua."

Rémy alifunga macho. Patient akajificha nyuma ya mlango.

"Mama yangu alitenga bidoni," Claudette akaongeza.

"Alitenga bidoni," Rémy akarudia. Akavuta ordinateri, akarudi kazini. Betri ilipokaribia kuisha, alimpa tena. Safari hii palikuwa na kisima cha kunywa na birika la kunawia, kila moja mahali pake. Claudette akafungua lango, akangoja. Kwizera alikuwa begani kwake, akihesabu kwa macho. Barabara ikabaki tupu na safi.

"Yule mutoto iko wapi?" Kwizera akauliza.

Claudette akamtafuta. "Huyu. Iko dirishani."

"Basi iko sawa," Kwizera akasema, na Claudette akamgeukia mjomba wake: "Sasa ni kweli, mjomba. Iko sawa."

Rémy aliondoka alfajiri, ordinateri kifuani chini ya shati. Siku hiyo ndani ya nyumba hakuna aliyekula kwa hamu. Jua lilipokuwa likishuka, telefone ya Célestine ikalia. Alisikiliza, akakaa kwenye kiti, akasikiliza tena.

"Alivuka," akasema. "Na wamemchukua. Anasema mmoja wao alibonyeza *fungua* kabla ya kitu kingine chochote. Wakamuuliza wazo la pazia alilipata wapi."

Patient aliruka hadi akaangusha bakuli la samaki wadogo wa ndagala. Claudette hakuruka. Célestine alimwita akamweka karibu.

"Minye nilikufundisha usiseme chumvi ya mboga ya watu," akasema. "Hiyo ni adabu, uishike. Lakini mutu akikuomba mwenyewe umwambie kosa la kazi yake, kumsifu ni kumwacha peke yake. Anatembea kwenda kuanguka, na weye unamuona. Sema ukweli, sema kwa upole, na useme mapema. Umeelewa?"

"Nimeelewa, mama."

Milio ilikuwa imetulia jioni ile. Walikula, wakanawa, wakasali. Patient alilala kwanza, kisha Kwizera, mguu wake ukitokeza chini ya kitenge. Claudette alijitahidi kuwa macho, akashindwa. Célestine alipunguza taa, akajinyoosha, naye akalala.

Concilie alibaki ameketi mgongo ukutani, akisikiliza pumzi zao upande huu na ule wa samaki wa bluu. Alingoja mlio. Haukuja. Akainama, akavua kiatu kimoja, halafu cha pili, akavipanga karibu na kichwa cha mtoto wake. Akajilaza kwenye mkeka, na usingizi ukamchukua.