Uso wa Mpenzi Juu Chini

Enyi wapendanao wa dunia nzima, tegeni sikio! Jicho la mpenzi halikosei kamwe. Hata katikati ya watu elfu, litamwona wake!

Daktari wa meno aliamini hivyo, akaingia mgahawani kifua mbele na kumkabidhi mke wa watu shada la maua.

"Kaka, umekosea meza," yule mama alisema. "Na mume wangu anarudi kutoka msalani."

"Samahani sana!"

Simu ya daktari ikalia. Ujumbe kutoka kwa Gego, mgonjwa aliyemteka moyo tangu amtibu meno: "Sauti yako nimeisikia. Geuka."

Aligeuka. Kwenye meza ya nyuma walikaa mwanamke mzee, shangazi yake Gego, na binti. Alikuwa amewapita mara mbili!

"Shikamoo, Shangazi."

"Marahaba. Kaka yangu amenituma nikupime. Huyu ni nani?"

Daktari akakodoa macho. Pua aliiona, macho aliyaona, lakini vilikataa kuungana. Picha hakuwahi kutumiwa. Gego aligoma mpaka jino la mbele likamilike.

"Sauti yake naijua," alisema kwa aibu. "Uso... siujui."

Gego akanyakua mkoba.

"Jana uliandika, 'Nikifumba macho nauona uso wako.' Uso upi?"

"Twende, mwanangu," Shangazi alisema. "Asiyekujua uso atakujua shida?"

Daktari akawazibia njia. Huyu akitoka mlangoni, basi tena.

"Gego, nakuomba! Keti, uegemeze kichwa nyuma. Nikishindwa, naondoka mwenyewe."

"Hapa? Unataka kumng'oa?" Shangazi aliruka.

Gego akaketi kwa hasira, akaegemeza kichwa na, kwa mazoea, akaachama. Daktari akasimama nyuma ya kiti, akainama. Macho yakawa chini, mdomo juu, na kile kidoti chini ya kidevu kikang'aa kama nyota.

"Ndiye! Ndiye huyu!" alipiga kelele, mgahawa mzima ukageuka. "Shangazi, mimi husimama nyuma ya kiti, yeye kalala! Siku zote nimempenda juu chini!"

"Visingizio," Gego alinuna. "Mimi ningekujua hata gizani."

"Wewe!" Shangazi alidakia. "Si ulimwambia mhudumu, 'Karibu, mpenzi, umechelewa'?"

"Shangazi!"

"Na maskini akajibu, 'Chai au kahawa?'"

Gego akaziba uso, mabega yakimtikisika kwa kicheko.

"Daktari huvaa barakoa! Nimezoea kuona nyusi tu!"

"Basi nipe nafasi nikutazame," daktari alisema, akimshika mkono. "Kushoto, kulia, ukilala, ukiamka. Mpaka nizeeke."

"Unaomba uchumba au unapiga eksirei?"

"Uchumba!"

"Nimekubali! Ila maua yangu kamnyang'anye yule mama."

Shangazi alicheka mpaka kiti kikaanguka. Wakaoana, na bwana harusi alipofunua shela, alikigeuza kwanza kichwa chake juu chini kuhakikisha ni yeye.

Hapa Shangazi amechungulia ninachoandika.

"We mtoto, kiti changu kilianguka lini?"

Nakiri, wasomaji, nimeshikwa. Kiti hakikuanguka. Alianguka Shangazi mwenyewe; nilitaka tu kumsitiri.