Uso wa Mpiga Rangi na Chupa Inayochoma

Mama Redio, jirani wa chumba cha tatu, anaapa kwamba aliyaona kwa macho yake mawili. Alikuwa anaanika nguo. Anasema mpiga rangi alikuwa uani mbele ya kioo, kajifunga taulo, amemaliza kunyoa ndevu. Akamimina dawa kiganjani, akajipiga nayo mashavuni. Mara akaruka juu kama aliyekanyaga kaa la moto. Taulo likaenda huku, kioo kikaenda kule, na mwenyewe akalizunguka tangi la maji mara saba.

"Saba!" Mama Redio husisitiza. "Nilihesabu!"

Mke wa mpiga rangi anasema jirani ametia chumvi. Taulo halikuanguka, na mizunguko ilikuwa miwili tu. Lakini kuhusu kuruka, hapo hambishii.

Mpiga rangi mwenyewe hakuona cha kuchekwa. Kazi yake ilikuwa kupulizia magari rangi kwenye gereji. Kazi hiyo haifanywi bila barakoa ya mpira yenye vichujio viwili, kwa sababu mvuke wa rangi na thina ya kuiyeyushia huharibu mapafu. Na barakoa hiyo haishiki juu ya ndevu, hewa hupenya. Kwa hiyo alinyoa kila asubuhi. Akimaliza kunyoa, alijipaka aftashevu, ile dawa ya kupaka baada ya kunyoa. Yake ilikuwa kali, spiriti na manukato tu. Tangu ujana wao, yeye na kaka zake walishindana kujipaka bila kukunja uso. Aliyekunja alichekwa wiki nzima. Wote waliamini jambo moja: isipochoma, haifanyi kazi.

Sasa taya na shingo vilijaa vipele. Ngozi ilibanduka kama rangi iliyopigwa juu ya kutu.

Siku hiyohiyo aliyoruka uani, msimamizi wa gereji alimwita.

"Vaa barakoa nikuone."

Akavaa.

"Ziba vichujio kwa viganja. Vuta pumzi."

Barakoa iliyokaa sawa hunywea usoni mtu akivuta pumzi namna hiyo. Hii haikunywea. Hewa iliingia fyuu, pembeni mwa taya, palipokuwa na vipele vikubwa. Tena mpira ulimgusa kwenye kidonda, akauma meno.

"Vua," msimamizi akasema. "Leo hupulizi."

"Mkuu, ni vipele tu hivi."

"Vipele ni vyako. Mapafu yakiharibika, mkeo nitamwambia nini? Nenda kwenye msasa." Kisha akashusha sauti. "Baada ya wiki tatu linaingia gari la wagonjwa la zahanati. Nilitaka ulipulize wewe. Uso wako ukiikubali barakoa, bomba la kupulizia rangi ni lako. Usipoikubali, atapuliza Mapengo."

Mapengo alikuwa mpiga rangi wa pili. Rangi yake ilijulikana. Ilishuka michirizi kama mtu anayelia. Aliyasikia maneno hayo, akacheka mpaka mapengo yake yakaonekana yote.

"Pole, kaka. Nitakuwekea kiti umwangalie mwalimu."

Mpiga rangi akavua barakoa. Akachukua ndoo na msasa wa maji. Miaka kumi na miwili alikuwa amepuliza milango, bampa na boneti za watu. Gari zima la wagonjwa hajawahi kupewa.

Jioni alikuja mdogo wa mke wake. Huyu alikuwa muuguzi kwenye kliniki ya ngozi, na yeye na shemeji yake hawakuishiwa utani.

"Shemeji, umepigana na kuku?"

"Niache. Ni ajali ya wembe."

"Lete huo wembe nimwone mtuhumiwa. Na hicho unachojipaka, kilete pia."

Akavileta. Shemeji akafungua chupa, akanusa. Machozi yakamlengalenga.

"Hii unajipaka, au unasafishia brashi za gereji?"

"Mwambie, mdogo wangu," mke akasema. "Mimi nimesema mpaka mdomo umechoka."

"Inaua vijidudu," mpiga rangi akajitetea.

"Ni kweli, inaua. Lakini sikiliza, shemeji. Wembe haukati ndevu peke yake. Unakwangua na ngozi ya juu kabisa, ile inayozuia unyevu usitoke. Hapo umebaki na mikwaruzo midogo usiyoiona. Wewe unaimwagia spiriti. Spiriti ikikauka, ngozi nayo inakauka. Inakakamaa, inawasha, inavimba. Kesho unapitisha wembe juu ya uvimbe uleule."

"Lakini ikichoma ndiyo najua inafanya kazi."

Shemeji akamfinya mkono.

"Aa! Nini sasa?"

"Imeuma?"

"Imeuma!"

"Basi nimeshakutibu."

Mke alicheka mpaka akashika ukuta. Mpiga rangi akatabasamu kidogo, halafu akaanza kujikuna shingo.

"Usijikune!" wakamkemea wote wawili.

Akashusha mkono. "Haya, nimeshindwa. Sasa dukani kuna chupa zimeandikwa 'hulisha ngozi'. Zina vitamini, asali, sijui maziwa. Ndizo nizitafute?"

"Ngozi haina mdomo, shemeji. Usinunue maneno. Ngozi iliyonyolewa inataka itulie na unyevu wake ubaki. Kwa hiyo geuza chupa, usome nyuma. Ukikuta glisirini, hiyo hushika unyevu. Mshubiri, yaani aloe vera, hutuliza. Ukikuta spiriti imeandikwa mwanzoni, irudishe pale ulipoitoa. Manukato makali pia yaache. Tena si lazima chupa iitwe aftashevu. Losheni ya kawaida isiyo na harufu inatosha, hata kama haina picha ya mwanamume anayechekelea."

"Na kunyoa je?" mke akauliza.

Shemeji akaushika wembe, akaupitisha kwenye mwanga. "Huu ni butu, nao umechangia. Kwanza usinyoe mpaka vipele vitulie. Siku ukianza, lowesha ndevu kwa maji ya uvuguvugu, paka povu, subiri kidogo. Chukua wembe mkali, wako peke yako. Nyoa kufuata ndevu zinakoelekea, na usirudierudie palepale. Suuza kwa maji baridi. Jikaushe kwa kugusagusa na taulo, usisugue. Kisha losheni kidogo, iache inywewe kabla ya kuvaa barakoa, isije ikateleza. Ukiona usaha, usitoboe. Njoo kliniki."

"Na hilo taulo afunge vizuri!" Mama Redio akapaza sauti kutoka ng'ambo ya ukuta.

Kesho yake ile chupa ya spiriti haikuonekana. Mke alipoulizwa, alisema naye anashangaa.

Siku kumi mpiga rangi alikaa na ndevu, akisugua magari kwa msasa wa maji. Mapengo alimwita babu. Mpiga rangi akajikaza kisabuni, akaendelea kusugua. Siku ya kumi na moja aliingiza vidole kwenye ndevu, akapapasa. Vipele vilikuwa vimelala.

Akanyoa kama alivyofundishwa, polepole, mke ameshika kioo. Akapaka losheni. Akasubiri.

"Nimepaka au sijapaka?"

"Umepaka."

"Mbona sisikii kitu?"

"Ndio uzuri wenyewe, baba. Tulia."

Hakutulia. Siku ya pili ya kunyoa aliitafuta chupa yake chini ya kitanda, hata nyuma ya kabati. Angeipata, angejipaka. Siku ya nne aliacha kutafuta, maana alipojishika shavu asubuhi lilikuwa laini, halina joto. Mpaka wiki ya tatu inaisha, shingo ilikuwa imekauka vidonda, na alikuwa amesahau kujikuna.

Gari la wagonjwa likaingia gereji, limekwanguliwa na kufunikwa karatasi vioo vyote. Mafundi wote wakakusanyika. Mapengo alikuwa ameshakunja mikono ya shati.

"Vaa," msimamizi akamwambia mpiga rangi.

Akavaa. Akaziba vichujio kwa viganja. Akavuta pumzi.

Barakoa ikanywea usoni, ikang'ang'ania. Msimamizi akamzunguka, akatega sikio taya la kulia, akatega la kushoto. Hakusikia fyuu.

"Rudia."

Akarudia. Kimya. Barakoa imeshika kama imezaliwa naye.

Msimamizi akachukua bomba la rangi mezani, akamkabidhi mbele ya wote. Mafundi wakapiga makofi, mmoja akapiga bati kwa spana. Mapengo akakuna kichwa.

"Basi mimi nichanganye rangi," akasema.

"Changanya vizuri, mwalimu," mpiga rangi akajibu kutoka ndani ya barakoa, na gereji nzima ikaangua kicheko. Mapengo naye akacheka.

Akaingia kwenye chumba cha kupulizia na kufunga mlango. Kompresa ikanguruma. Nje, wenzake wakabanana kwenye dirisha la kioo. Mkono wake ulikwenda sawasawa, kutoka mlangoni mpaka nyuma, ukarudi. Tabaka la kwanza la rangi, akasubiri. Tabaka la pili. Weupe ukatanda ubavuni mwa gari bila mchirizi, bila doa, mpaka taa za darini zikaonekana ndani yake.

Dereva wa zahanati alikuwa amefika kuulizia gari lake. Alijipenyeza mpaka kwenye kioo, akatoa macho. Akavua kofia.

"Jamani, naombeni niingie niliguse," akasema. "Kidogo tu. Kwa kidole hiki kimoja."

Ndani, mpiga rangi alikuwa ameinua bomba, anamalizia paa.