Mkono wa Kushoto wa Virgil Slone

Maiti ilikuwa moja, mikono mitatu.

Inspekta Lonnie Prater alisimama mlangoni mwa ile nyumba ya magurudumu, kahawa bado mkononi, akahesabu upya. Miwili ilikuwa ya mzee Virgil Slone, aliyekaa kwenye kochi kichwa nyuma, kama mtu aliyepitiwa na usingizi akitazama besiboli. Wa tatu ulikuwa juu ya meza ya jikoni, umekatikia begani, mwekundu mwekundu, msafi kabisa.

"Yesu wangu!"

"Huo wa mezani ni mpira, afande," sauti ikamjibu kutoka nyuma. "Anaitwa Gladys. Mjomba ndiye alimpa jina."

Alikuwa Rodney Hicks, mpwa wa marehemu. Ndiye aliyepiga simu polisi. Mara tatu kwa wiki alimpakia mzee kwenye pikapu yake, akampeleka mjini kusafishwa damu, maana figo zilishagoma zamani. Leo asubuhi kaja kumchukua kama kawaida, kamkuta hivyo.

Hivyo, yaani mkono wa kushoto umefungwa mpira wa buluu juu ya kiwiko, na chini yake sindano imesimama ndani ya mshipa, nyuma yake wazi, haijaunganishwa na kichupa wala nini.

"Sindano ya nani?"

"Ya Shawna Combs, jirani. Anajisomea udaktari kwenye kompyuta."

"Udaktari?"

"Sijui usaidizi wa daktari. Kupima presha, kutoa damu, mambo hayo. Kwake mtandao mbovu, kwa hiyo vitu vyake vyote kavihamishia hapa. Mwalimu wake yuko Arizona, hawajawahi hata kupeana mkono! Nilimwambia mjomba, huyu dada atakuja kukuua na majaribio yake. Ona sasa."

Prater akainama. Kwenye zulia palikuwa na tone moja la damu, limeshakauka. Akaliona, akalipita. Baadaye alijilaani sana kwa hilo.

Mchana Shawna Combs alikuwa kituoni, kwenye chumba cha mahojiano, bado kavaa fulana nyekundu ya kituo cha mafuta anakofanya kazi. Miaka thelathini na kitu, macho yamevimba kwa kulia, lakini mgongo umenyooka.

"Jana ulikuwa kwa mzee?"

"Nilikuwa. Nilimpelekea maharage na mkate wa mahindi, tukarekodi somo, nikaenda kazini."

"Ulimchoma sindano?"

"Hapana."

"Sindano ni yako. Paketi yake ina alama za vidole vyako."

"Ni yangu, afande. Ya kumchomea Gladys. Mtu hai simchomi mpaka niwe kliniki, mbele ya msimamizi. Hiyo ndiyo sheria ya kwanza tuliyofundishwa."

"Na hii sheria umefundishwa na nani, kompyuta?"

 Shawna alimtazama tu, mpaka Prater akajisikia kama kijana aliyecheka kanisani.

"Sindano yako tumeikuta mkononi mwake, mama. Unasemaje?"

"Mkono gani?"

"Maswali nauliza mimi."

"Basi uliza lile la maana." Sauti ikamkatika. "Jumatatu naanza mazoezi ya kliniki. Wakisikia mko na mimi humu, nafasi atapewa mwingine. Bila mazoezi hakuna mtihani, bila mtihani hakuna cheti. Lakini hilo liweke pembeni. Mimi babu Virgil nimempenda. Mtafute aliyemuua."

Prater akamwacha aende, kwa sharti asisafiri. Moyoni alikuwa amekwisha kuamua. Mwanafunzi wa mtandaoni, mzee mgonjwa, mkono unaotetemeka. Ajali ya kijinga. Kesi ya kumaliza kabla ya wikendi.

Kilichobaki ni kielelezo kimoja, kompyuta ya Shawna. Akakaa nayo ofisini, miguu mezani, akitegemea kuona michezo ya kuigiza.

Alikuta video. Rundo la video.

Si unajua, wanaosoma hivi hawana mwalimu wa kuwasimamia kichwani. Kila wanachojifunza wanajirekodi wakikifanya, wanamtumia mwalimu, naye anasema umepita au rudia. Na Shawna alikuwa amerudia, bwana wee! Kunawa mikono peke yake karudia mara nne, mwalimu anasema bado, vidole gumba umeviruka. Kwenye ya nne yuko na ile fulana ya kazini, katoka zamu, macho mekundu, ananawa anahesabu kwa sauti huku watoto wake wanagombana nyuma ya mlango.

"Mama, Tyler kanipiga!"

"Nimekusikia, nina mikono misafi, ukinigusa naanza upya!"

Prater akacheka peke yake. Akashusha miguu.

Ikafuata ya kumtoa Gladys damu. Shawna anaongea na ule mkono wa mpira kama na mtu hai, anamwambia jina lake, anamweleza atakachofanya, anamwomba radhi kabla ya kuchoma. Mzee Virgil hayumo kwenye picha, lakini sauti yake inasikika: "Gladys, mpenzi, akikuumiza niambie!"

"Babu, unaniharibia mtihani."

"Nakuandaa, binti. Wagonjwa wote wasumbufu."

Saa nzima ikapita. Prater hakumbuki kahawa ilipoa saa ngapi. Shule alikimbia mwenyewe akiwa na miaka kumi na minane, akasema kusoma si kwake, na hapa kuna mwanamke anauza mafuta na sigara kutwa nzima, halafu anakuja kunawa mikono mara nne.

Ndipo ikaja ile ya presha. Shawna kakaa mbele ya mzee, kifaa mkononi.

"Bwana Slone, kuna mkono wowote usiotakiwa kuguswa?"

"Unajua upo, binti."

"Najua, ila lazima niulize. Kila mara, kila mgonjwa."

"Basi ni wa kushoto."

Akageukia kamera, akamweleza mwalimu: "Mgonjwa anasafishwa damu. Mkono wa kushoto alifanyiwa upasuaji, mishipa ikaunganishwa ili mashine ipate damu ya kutosha. Huo ni wa wale wa mashine tu. Haupimwi presha, haufungwi mpira, hauchomwi na mwingine yeyote. Nitatumia wa kulia."

Prater akasimamisha video.

*Mkono gani?* aliuliza yule mama. Na yeye, na bunduki yake kiunoni na nyota yake kifuani, akamfunga mdomo.

Akashika simu, akampigia Dokta Mabry, mchunguza maiti.

"Dokta, mshipa ule wa kushoto wa Slone. Nikiuchoma sindano wazi, mtu akiwa hai, inakuwaje?"

"Na umeufunga mpira juu? Lonnie, utahitaji kupaka rangi dari upya. Mshipa ule unasukuma kama bomba."

"Zulia lilikuwa na tone moja."



"Basi moyo ulikuwa umeshasimama," Mabry akasema taratibu. "Ngoja nimwangalie tena puani na mdomoni."

Alipopiga tena, sauti ilikuwa nyingine. Nyuzi za mto wa kochi zilikuwa puani, na macho yana vile vidoadoa vya mtu aliyezibwa pumzi. Mzee aliuawa kwanza. Sindano ilikuja baadaye, kama pambo.

Lakini nani, na kwa nini? Prater akarudi kwenye video, akafungua ya mwisho, ile ya jioni ya kifo. Somo lilikuwa kumhoji mgonjwa juu ya dawa zake, moja baada ya moja.

"Na vidonge vya maumivu, babu? Vile vyeupe?"

"Vile daktari alivisitisha. Tangu majira ya baridi. Rodney ndiye anakwenda kunichukulia dawa, aliniambia."

"Ajabu. Nimeona chupa yake ya mwezi huu, ina jina lako. Mpigie daktari kesho, umuulize."

Nyuma yao, kwenye friji, Rodney alikuwa kainama akitafuta soda. Aliposikia hayo mgongo wake ukasimama pale pale. Mlango wa friji ukabaki wazi muda mrefu, taa yake ikimwangaza shingo.

Ijumaa asubuhi Rodney aliletwa chumba kile kile. Akasomewa haki zake. Akasema hana haja ya wakili, yeye ni shahidi tu.

"Umempeleka mjomba kwenye mashine miaka mingapi?"

"Sita."

"Ulikuwa unasubiri kwenye gari?"

"Ndani. Nakaa naye mpaka wamalize."

"Mpwa mzuri. Sindano walikuwa wanachoma wapi?"

"Kushoto. Siku zote kushoto."

"Kwa hiyo ukiambiwa mchome mjomba wako sindano, wewe utachoma wapi?"

Rodney akautazama mkono wake wa kushoto. 

"Shawna asingeugusa hata kwa bahati mbaya," Prater akasema. "Anauliza mkono kabla ya kukaa. Aliyechoma kushoto ni mtu aliyekaa miaka sita akiona kushoto kunachomwa, akadhani ndiko kwenyewe. Watu kama hao nawajua wangapi, Rodney?"

Akamgeuzia kompyuta, akamwonyesha mgongo wake mwenyewe mbele ya friji.

Rodney akaifunga kompyuta kwa kiganja.

"Nilirudi kumwomba asipige simu," akasema. "Vingine nilimeza, vingine niliuza. Siwezi kuacha, afande, nimejaribu. Unajua aliniambia nini? Hakunigombeza! Alisema, mwanangu, tutakwenda kwa daktari wote wawili, kesho. Angenigombeza ningeondoka. Ila alivyoniangalia vile... nikachukua mto."

"Na Shawna kakukosea nini?"

Rodney akajifuta pua kwa mkono wa shati. "Tumekua wote pale. Wote tulikuwa hatuendi popote. Halafu yeye kila jioni na ile kompyuta, mjomba anampigia makofi, binti yangu hiki, binti yangu kile. Anaondoka. Mimi nimembeba miaka yote sita, nani alinipigia makofi?"

 Prater akamsogezea karatasi za maelezo na kalamu.

Jumapili alipaki mbele ya nyumba ya Shawna, kompyuta kwapani, Gladys begani kama mtoto. Kliniki alikwishaipigia simu mwenyewe, na kuwaeleza habari za huyu mama kwa muda mrefu kuliko walivyomwuliza.

"Kesho wanakusubiri," akasema. "Nafasi yako ipo."

Shawna akampokea Gladys, akamkumbatia kidogo. "Imebaki video moja ya presha, mwalimu anaitaka leo. Mgonjwa sina."

Prater akavua koti. Akakaa kwenye kiti cha jikoni, akakunja mikono yote miwili ya shati, maana hakujua atatakiwa upi.

"Kabla sijasema lolote, mama," akaanza, "siku ile uliniuliza swali..."

"Shh. Naanza kurekodi." Shawna akawasha kamera, akanawa mikono, vidole gumba navyo, akaja kukaa mbele yake. "Bwana Prater, kuna mkono wowote usiotakiwa kuguswa?"

Safari hii akajibiwa.

"Hakuna, daktari. Na nashukuru umeuliza."

"Msaidizi wa daktari," akamsahihisha, akimfunga kifaa mkononi. "Na nyamaza, ukiongea inapanda."