Behewa la Tatu Halitaki Breki

Friji aliruka kutoka kwenye pikipiki yake, Yamaha, kabla haijasimama.

Mtu wa koti la kijivu alikuwa anaukwea ukuta wa stesheni. Bastola ya Friji, Glock, ikakohoa mara moja. Tofali likapasuka karibu na sikio la yule mtu, akashuka mwenyewe, mikono juu, anacheka.

"Umechelewa," alisema, kwa Kiswahili cha kujifunza ukubwani. "Bomu liko chini ya behewa la tatu. Treni ikifika darajani, linalipuka. Dereva akifunga breki ghafla, linalipuka vilevile. Haya, chagua."

Majasusi wa aina hii wana ugonjwa mmoja: hawawezi kunyamaza. Friji alimfunga pingu kwenye nguzo, akawasha redio.

"Friji kwa Makao. Bomu. Behewa la tatu."

"Shahidi wetu wa kesi ya silaha yumo humo," Mkuu alijibu. "Isimamishe."

"Mwiteni dereva kwa redio."

"Wameziba mawasiliano yote ya treni. Kikosi kinakuja, dakika ishirini."

"Mimi ninazo nane."

Friji akazima redio. Dada yake mdogo, muuguzi, alipanda treni hiyo kila asubuhi. Siku zote behewa la tatu, kwa sababu mwisho wa safari linasimama mkabala na mlango wa kutokea. Nyumbani walijua kaka anauza mafriji. Kazini jina likamganda, hasa kwa kuwa hakuna aliyewahi kumwona akitoka jasho.

Sasa shati lilikuwa limemshika mgongoni.

Stesheni masta alikuwa mama wa makamo, sare imepigwa pasi mpaka inakata. Friji aliingia na kitambulisho mbele.

"Na salamu?" mama aliuliza.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba."

"Treni ya saa moja na dakika arobaini na sita isimame hapa. Ina bomu. Lakini isimame taratibu, kama mtu anayelaza mtoto. Ikishtuka tu, wamekwisha."

Mama hakupiga kelele. Alishika ukingo wa meza.

"Hiyo haisimami hapa. Inapita."

"Washa taa nyekundu."

"Kuna kona. Dereva anaiona taa akiwa mita mia mbili, lazima afunge breki yote."

"Bendera nyekundu?"

"Breki yote. Ndiyo sheria."

Friji aliiona pete ya chuma ukutani, na ufunguo wake. Aliijua. Reli ya tawi hili ni moja, na ili treni zisikutane uso kwa uso, dereva haingii kipande kinachofuata bila kupewa pete hiyo mkononi.

"Basi usimpe pete! Atapunguza mwendo kuja kuipokea, ataikosa, atasimama."

Mama alikaa chini polepole.

"Anayo."

"Anayo nini?"

"Pete. Ya pili, anatembea nayo. Mwaka wa kumi na moja huu. Asubuhi treni ni hiyo hiyo moja, tukaona ya nini kumpunguzisha mwendo kila siku? Mimi nasimama jukwaani nanyoosha hii, wakaguzi waone. Yeye anapiga honi mbili, anapita. Usinitazame hivyo, mwanangu."

Dakika tano.

Friji alikuwa na bastola, kisu, kamera ndani ya kifungo cha shati, na kalamu ya gesi ya usingizi. Vyote vilikuwa takataka. Alipiga simu ya dada yake. Haipatikani. Alipiga tena, huku akijua mawasiliano yamezibwa. Aliogopa, na hofu ile hakuwahi kuionja tangu utotoni.

"Umewahi kukosa kutokea jukwaani?" aliuliza.

"Hata siku moja. Nilipofiwa na mume wangu, kesho yake nilikuja."

"Leo asipokuona?"

Mama alifikiri. "Atashangaa. Labda atapunguza mwendo aangalie. Au atapita tu. Sijui, baba. Kweli sijui."

"Una njia nyingine?"

"Sina."

Wakakaa sakafuni, chini ya dirisha, wasionekane.

Saa moja na dakika arobaini na tano. Kioo kikaanza kutetemeka. Mama akainuka bila kujua, mwili umeshazoea. Friji akamvuta mkono.

"Watu mia tatu," mama alinong'ona. "Kwa uvivu wetu."

"Dada yangu yumo."

Katika kazi hii hakuwahi kumwambia mtu neno la kweli namna hiyo. Mama aliubana mkono wake, hakuuachia.

Honi mbili.

Kisha honi mbili tena, ndefu zaidi.

Kichwa cha treni kikapita dirishani. Behewa la kwanza. La pili.

"Anapita," mama alisema.

La tatu. Magurudumu yakalegea. Yakasaga kidogo, yakasaga tena. Treni ikasimama, polepole, kama imechoka.

Hapakuwa na kishindo.

Dereva alikuja mbio, kofia mkononi. "Mama! Umeanguka? Nimeona jukwaa tupu, nikasema basi, mama wa watu kafia ofisini peke yake!"

Mama akaangua kilio.

Friji alikwishatoka. Alishusha abiria wa behewa la tatu, shahidi akiwa katikati yao, akawasukuma mbali, akaingia chini. Nyaya mbili. Kisu. Kazi ya dakika moja, kazi anayoijua.

Alipotoka, dada yake alikuwa amesimama mikono kiunoni.

"Kaka? Unafanya nini hapa?"

"Friji la stesheni limekufa."

"Umejaa grisi. Na huyu dereva, kusimama ovyo na wagonjwa wananisubiri! Leo nitamshtaki."

"Usimshtaki."

"Unamjua?"

"Hapana."

Redio ikaguna kiunoni. Akasogea pembeni.

"Reli wanauliza treni imesimamaje," Mkuu alisema.

Friji alitazama ofisini. Dereva alikuwa anampepea mama kwa kofia.

"Stesheni masta alizuia pete kwa amri yangu. Dereva akaikosa, akasimama. Kama sheria inavyotaka."

"Safi. Kumbe mfumo unafanya kazi."

"Ndiyo, Mkuu."

Alizima redio, akaifuata Yamaha yake kwa miguu, bila haraka.