Dawa ya Kupe Kwenye Jagi la Maziwa

Alasiri hiyo Kiptanui alikuwa nyuma ya nyumba yake, kijijini Merigi, akichanganya dawa ya kupe. Ng'ombe wake walikuwa wamefungwa, wakingoja kupigwa dawa. Alimimina dawa kidogo kwenye jagi la maziwa, akaongeza maji. Ikageuka nyeupe pepepe. Jagi la maziwa, jamani! Mtu mzima na akili zake!

Mara Chepkurui, mkewe, akapiga nduru shambani. "Nyoka! Nyoka kwa majani chai!"

Binti yao Chemutai, wa miaka mitatu, alikuwa karibu na mama. Hakuwahi kuumwa na nyoka. Lakini aliposikia ile nduru, alitimua mbio hadi nyumbani. Kiptanui akaweka jagi chini, akashika rungu, akakimbilia shambani.

Nyoka aliuawa. Waliporudi, Chemutai alikuwa ameshika jagi kwa mikono miwili. Midomo yake ilikuwa myeupe.

"Woi! Mtoto amekunywa dawa!" Chepkurui akalia. "Nimpe maziwa atapike!"

"Wacha!" Alikuwa Nyathira, jirani yao muuguzi. Nduru ndiyo ilimleta. "Usimpe kitu. Usimtapishe, dawa itaingia kwa mapafu. Mpanguse mdomo, mvue hiyo nguo imelowa. Baba Chemutai, beba chupa ya dawa, daktari aione. Haraka!"

Walipata pikapu ya jirani mwingine, Nyathira akapanda nao. Njiani mtoto akaanza kusinzia. Mama akamwita, akamwita tena. Macho hayakufunguka. Kiptanui akamsihi dereva aongeze mwendo.

Hospitalini wakampokea, mlango ukafungwa. Wao wakabaki nje na hofu yao.

"Sista, huyu mtoto amekimbia nyoka," Kiptanui akasema. "Mbona hakuogopa dawa?"

"Watu wameishi na nyoka tangu zamani sana," Nyathira akajibu. "Waliomwogopa upesi walipona, wakazaa. Sisi ni watoto wao. Ndiyo maana nduru moja ya mama inatutosha. Lakini dawa ya kupe imekuja juzi tu. Hakuna mtu amezaliwa akiiogopa. Na kwenu, tangu mtoto aachishwe kunyonya, kitu cheupe kwa jagi ni chakula. Alifanya vile mlimfundisha."

"Basi mimi ndiye nimemuua."

"Hajakufa. Nyamaza, uombe."

Asubuhi Chemutai alifungua macho.

Siku hizi dawa inakaa stoo, ndani ya sanduku lenye kufuli, kwenye chupa yake yenyewe. Ina ndoo yake nyekundu, na Kiptanui akichanganya habanduki hapo, hata wakipiga nduru. Jagi lile alilitoboa, akalitupa chooni.

Lakini Chemutai sasa anaogopa maziwa. Akiyaona, analia na kujificha nyuma ya mama. Nyathira anasema mwili ukishaumia na chakula haukiamini tena upesi, ni lazima aone watu wake wakinywa. Kwa hivyo kila asubuhi Kiptanui anakunywa kwanza. Mtoto anamtazama koo mpaka ameze. Halafu anangoja kidogo, aone kama baba ataanguka.

Baba haanguki. Ndipo mtoto anachukua kikombe chake.